Mkuu, Mshauri au Mlezi? Haja ya Taaluma ya Kuwahudumia Wanafunzi wa Vyuo

Afisa anayeshughulikia maisha ya mwanafunzi nje ya darasa hana jina moja katika Kiswahili. Nchini Tanzania aghalabu huitwa Mshauri wa Wanafunzi. Hapa Kenya tunasikia Mkuu wa Wanafunzi, Msimamizi wa Wanafunzi, na mara nyingine Mlezi wa Wanafunzi. Wengi wetu hukwepa udhia kwa kulitumia neno la Kiingereza lilivyo. Majina haya si visawe. Mkuu huamrisha. Msimamizi hulinda utaratibu usivurugwe. Mshauri husikiliza ndipo anene. Mlezi hujua mtoto amelala wapi na amekula nini. Sisi tulio katika taaluma ya lugha tumefundishwa kuwa istilahi isiyotulia aghalabu huashiria dhana isiyotulia, na katika suala hili ndivyo ilivyo. Hatujaamua kazi hii ni kazi gani, na kwa sababu hiyo hatujaamua anayeifanya anapaswa kufunzwa nini.

Makala haya yanakusudia kutetea rai moja. Kuwahudumia wanafunzi wa vyuo nje ya darasa ni taaluma kamili yenye maarifa, maadili na stadi zake, na inastahili kufundishwa katika ngazi ya uzamili kama zinavyofundishwa taaluma nyingine. Aidha, ninashikilia kuwa mafunzo hayo hayatakuwa na tija katika jiji la Nairobi iwapo yataishia kwenye lango la chuo. Sharti yafike Kibera na Kawangware, kwa kuwa huko ndiko wanakolala wanafunzi wetu wasio haba.

Mfumo wa ofisi hizi tuliurithi pamoja na majengo. Royal Technical College, ambayo hatimaye ilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970, ilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1956, idadi yao ilikuwa ndogo. Msimamizi wa bweni angeweza kuwajua kwa majina. Mwanafunzi akiugua, mwenzake wa chumbani alibisha mlango wa msimamizi. Akiwa na njaa, palikuwa na bwalo. Katika mazingira hayo, busara ya kawaida na moyo wa huruma vingetosha kuiendesha ofisi.

Mazingira hayo hayakudumu. Chuo kilifungwa kwa muda mrefu kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na mrundiko uliotokana na kufungwa huko ukachangia kupokelewa kwa makundi mawili kwa mpigo mwaka wa 1987. Mwaka wa 1990 kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 likaingia vyuoni. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha Moduli ya Pili, mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Kumbi za mihadhara zikafurika. Mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na mwanafunzi aliyekosa kitanda akaenda kujitafutia chumba mtaani.

Mtaa huo huwa ni ule ambao mfuko wake unaumudu. Bewa la Kenya Science la Chuo Kikuu cha Nairobi liko kando ya barabara ya Ngong, na bewa la sayansi za afya liko katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kutoka yote mawili mtu anaweza kufika Kibera kwa miguu. Kawangware nayo imepakana na Lavington ya matajiri upande mmoja na Riruta upande wa pili, kilipo chuo cha kiufundi cha PC Kinyanjui. Kwa mwanafunzi anayepiga hesabu ya nauli ya matatu kila asubuhi, ukaribu huo ni hoja tosha. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi hukodishwa na wawili au watatu wakigawana kodi. Maji hununuliwa kwa mtungi, choo ni cha kulipia, na umeme huja na kutoweka bila taarifa. Niliishi Kawangware kwa miaka miwili nikisomea shahada ya kwanza. Ufukara wa pale haukunishangaza, kwani niliufahamu tangu nyumbani. Nilichokishangaa ni jinsi chuo kilivyokuwa mbali nasi, ilhali tulikuwa tukikifikia kwa mwendo wa nusu saa.

Iko tofauti ambayo afisa asiyefunzwa hataiona kwa urahisi. Mwanafunzi aliyezaliwa Laini Saba au Gatwekera, mitaa ya ndani ya Kibera, ana jamii inayomfahamu. Ana mama mwenye kibanda cha mboga, wadogo wanaomtazamia, na pengine mfadhili aliyemlipia karo ya sekondari ambaye sasa anaona wajibu wake umekwisha. Fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, zikiingia katika akaunti yake, si zake peke yake. Ipo kodi ya familia na ipo dawa ya mdogo wake. Kwa upande mwingine yuko aliyetoka Busia au Makueni, ambaye hana jamaa jijini na hajui uchochoro upi hupitwa saa tatu usiku na upi haupitwi. Wa kwanza amezungukwa na watu hata hana nafasi ya kusoma. Wa pili ana nafasi ya kusoma, lakini akiugua hakuna wa kumpelekea uji. Ukiwapa hawa wawili nasaha ya aina moja, utakuwa umewakosa wote.

Jambo moja huwaunganisha, nalo ni kuficha. Fomu ikiuliza mahali anapoishi, wa Kibera huandika Lang'ata au Woodley, na wa Kawangware huandika Lavington. Hapana uongo wa kutisha hapo, kwani mipaka imekaribiana. Kilichopo ni haya ya kijana ambaye jina la mtaa wake limekuwa tusi midomoni mwa wenzake. Afisa anayeisoma fomu hiyo humwona mtoto wa tabaka la kati, na humhudumia kwa kadiri hiyo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kutojua huku kuna gharama. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka wa 2009 ilipofanywa, ilihesabu watu 170,070. Idadi hiyo ilizua ubishi, lakini funzo lake linabaki: mahali panaweza kuzungumzwa sana na pasijulikane. Hali kadhalika, chuo kinaweza kuzungumzia sana wanafunzi wanaoishi nje ya bewa kisijue ni wangapi na wako wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipozuka, Kibera na Kawangware zilikuwa miongoni mwa mitaa ya Nairobi iliyoumia. Oktoba 2017, kufuatia uchaguzi wa marudio wa urais, machafuko yakarudi Kawangware. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na baadaye masomo mengi yakahamia kwenye intaneti, jambo lililomtaka kila mwanafunzi awe na chumba tulivu, umeme na fedha za bando. Katika kila mojawapo ya nyakati hizi mlezi angejiuliza swali moja la kwanza: wanafunzi wetu walioko huko ni akina nani, na tunawafikiaje? Moyo mwema pekee haulijibu swali hilo. Hulijibu rejista iliyotunzwa, viongozi wa wanafunzi waliopangwa mtaa kwa mtaa, na afisa aliyefunzwa kuyaandaa hayo kabla ya moto kuwaka.

Ni nani basi wanaoifanya kazi hii? Aghalabu ni mhadhiri aliyeteuliwa kwa kipindi fulani, ambaye ubingwa wake ni kemia au historia, ni karani aliyepanda cheo, ni kasisi, ni matroni wa bweni. Wengi wao ni watu wenye kujitolea, na si nia yangu kuwabeza. Miongoni mwao mshauri nasaha angalau ana sheria inayoitambua taaluma yake, yaani Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014. Hata hivyo, ushauri nasaha ni sehemu moja tu ya kazi hii. Mwanafunzi anayefukuzwa na mwenye ploti hahitaji tiba ya nafsi kwanza. Anahitaji mtu anayejua kuzungumza na mwenye ploti, chifu na ofisi ya fedha siku hiyohiyo.

Wenzetu waliishughulikia dhana hii zamani. Nchini Marekani, Baraza la Elimu la nchi hiyo lilitoa waraka mwaka wa 1937 uliosisitiza kuwa chuo kina wajibu wa kumlea mwanafunzi mzima, si akili yake peke yake. Shahada za uzamili za fani hii zimeenea huko, na mwaka wa 2015 vyama viwili vya wataalamu wake, ACPA na NASPA, vilitoa orodha iliyorekebishwa ya nyanja 10 za umilisi, zikiwamo maadili, sheria na sera, utafiti na tathmini, haki ya kijamii, teknolojia na ushauri. Barani Afrika, jarida la kitaaluma la masuala ya wanafunzi limekuwa likichapishwa kutoka Afrika Kusini tangu mwaka wa 2013. Basi hatuanzii kwenye sufuri. Lakini mtaala wa kigeni haufai kumezwa mzimamzima, kwa maana waandishi wake hawakuwa wakiwazia mwanafunzi anayesomea kwenye mwanga wa simu huko Gatina.

Vyuo vyetu kadhaa hufundisha uzamili katika ushauri nasaha na katika usimamizi wa elimu. Kozi ya kwanza humwandaa mtu kuketi na mmoja mmoja. Ya pili humwandaa kuongoza asasi. Ninachokipendekeza kimo katikati. Mosi, sheria. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa na wasimamizi, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka wa 2015 ikafafanua haki hiyo. Afisa anayemwita mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu bila kuyajua haya anamhatarisha mwanafunzi na chuo. Pili, utunzaji wa siri na kumbukumbu, hasa tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Fomu nitakayoieleza anakoishi mwanafunzi si karatasi ya kuachwa juu ya meza. Tatu, fedha: mikopo, basari na ruzuku, na jinsi mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa mwaka wa 2023 ulivyozibadili hesabu za familia maskini.

Nne, kukabiliana na maafa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kuendelea na masomo. Kumpokea kijana aliyeshuhudia wenzake wakiuawa, ukampa chumba, ukamrejesha darasani, na kujua lini umwache alie na lini umpeleke kwa daktari, ni kazi ya aliyefunzwa. Tano, na ndilo ninalolisisitiza zaidi, ni ujuzi wa mahali. Nadharia ifundishwe darasani, kisha mwanafunzi wa uzamili apewe muhula mzima wa mazoezi, na sehemu ya muhula huo iwe Kibera au Kawangware. Huko ajifunze kodi hulipwa vipi, chifu hupatikana siku gani, zahanati ipi hufunguliwa usiku, na maktaba ipi ina meza. Maktaba ya Taifa, kwa mfano, ina tawi Kibera. Afisa anayelijua tawi hilo na kukubaliana na wasimamizi wake kuhusu saa za kusomea amemsaidia mwanafunzi kuliko mihadhara kumi ya kumhimiza ajitahidi.

Huenda msomaji akauliza: haya yanahusu vipi jarida la Kiswahili? Yanahusu sana. Lugha ya ofisi hizi ni Kiingereza, hata baada ya Katiba kukitambua Kiswahili, katika kifungu cha 7, kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Barua ya kusimamishwa masomo huandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa kwa mzazi aliyeko Kibera, ambaye husomewa na mtoto yuleyule aliyesimamishwa! Kijana mwenyewe huuficha uchungu wake nyuma ya Kiingereza cha adabu. Msikilize akizungumza Kiswahili, au hata Sheng, ndipo utakapolisikia analolisema. Mshauri asiyezisikia tofauti hizi za rejista huandika katika faili kuwa mwanafunzi "yuko sawa".

Fauka ya hayo, sisi wa fasihi tuna mafunzo yanayokaribiana na kazi hii kuliko tunavyodhani. Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka wa 1974, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na kisa chake huishia kwa kujiua. Tumeandika insha na tasnifu nyingi kuhusu udhanaishi wake. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuuliza iwapo pale chuoni palikuwa na mtu wa kumsikiliza? Sidai kuwa kusoma riwaya kunamfanya mtu kuwa mshauri. Dai hilo lingekuwa la kujipendekeza. Ninadai kuwa aliyezoea kusoma kimya cha mhusika, kuchunguza usemi na kupima baina ya linalosemwa na linalokusudiwa ana msingi mzuri wa kujengewa stadi hizi. Wahitimu wa Kiswahili tumezoea kuiona milango mitatu tu: ualimu, uanahabari na tafsiri. Huu ni mlango wa nne, na hautafunguka kwa wasio na sifa.

Nafahamu pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kuwa mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, na mtu mzima halelewi. Ni kweli kuwa hana haja ya kuamshwa asubuhi wala kuulizwa amerudi saa ngapi. Lakini utu uzima hauondoi wajibu wa chuo kumjua mtu kilichompokea na kumtoza karo. Ya pili ni fedha: vyuo vya umma vina madeni, vitaajiri vipi wataalamu wapya? Sipendekezi kuongeza vyeo. Watu tayari wanalipwa kufanya kazi hii. Ninapendekeza wafunzwe, kwa kozi fupi kazini kwa waliopo na kwa uzamili kwa watakaowafuata. Mwanafunzi anayeacha masomo katika mwaka wa tatu kwa sababu ya kodi ya miezi miwili ni hasara pia, ingawa haionekani katika vitabu vya mhasibu.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Husemwa kuwa tutazua cheti kingine cha kutundikwa ukutani, na matroni aliyewalea wanafunzi kwa miaka ishirini atafungiwa nje na kijana mwenye shahada asiyejua lolote. Hofu hii ni halali. Dawa yake ni kumfanya matroni huyo kuwa mmoja wa wakufunzi. Maarifa yake, pamoja na ya mama mwenye ploti na ya kiongozi wa wanafunzi wa mtaani, yaandikwe na kufundishwa, na mtaala unaoyapuuza usiidhinishwe.

Kwa mintarafu hii ninakitaka chama chetu kianze na lile kinaloliweza bila kusubiri bajeti ya yeyote. Tukusanye fomu na barua zinazotumiwa na ofisi za masuala ya wanafunzi, tuzitafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka na mzazi wa Makina na wa Kabiro, kisha tuzikabidhi kwa ofisi hizo. Tuandae faharasa ya istilahi za taaluma hii, na ndani yake tujadili kwa kina iwapo anayeishikilia ofisi aitwe mkuu, mshauri au mlezi. Wahadhiri wetu nao waketi na wenzao wa idara za elimu na saikolojia kubuni angalau kozi moja ya pamoja katika uzamili. Mimi nimeshachagua upande wangu katika mjadala wa istilahi: nalipendelea jina la mlezi, kwa sharti kwamba mlezi mwenyewe awe amefunzwa, na ajue njia ya kwenda Kawangware bila kuelekezwa.